Mifuko ya upepo kwenye pikapu: inanyanyua mkia, haiongezi nguvu

Leo siasa tuziweke pembeni tuongelee magari, maana kuna kitu nimeulizwa mara tatu ndani ya mwezi mmoja na naona wengi tunakielewa nusu nusu.

Ukisimama pale Mikumi, njia panda ya kwenda Kidatu, hutakaa muda mrefu kabla hujaona pikapu inavuta tela. Mara limebeba mashine ya kusaga, mara pampu ya kumwagilia, mara vitunguu vya kutoka Malolo. Na pikapu yenyewe nyuma imejaa, juu wamekaa vijana wawili watatu. Mkia umelala chini, pua iko juu, usiku taa zinamulika matawi ya miti badala ya barabara. Sasa gari la namna hiyo liingie ile barabara kuu inayokatiza hifadhini, kilometa kama 50, ambako nyati au tembo anaweza kuwa amesimama katikati ya lami. Unamuona ukiwa umeshamfikia.

Ndiyo maana watu wameanza kuagiza mifuko ya upepo. Siyo ile inayotoka kwenye usukani ukipata ajali, hapana. Hii ni mipira miwili migumu, inafungwa nyuma, mmoja kila upande, kati ya ekseli na chasisi, pale palipokuwa na ile raba nene ambayo ekseli huigonga gari likishuka sana. Springi zako zinabaki pale pale. Ukijaza upepo, mpira unavimba, unasukuma chasisi juu, mkia unanyanyuka. Mabasi mengi makubwa ya safari ndefu yana kitu cha ukoo huo huo, tofauti ni kwamba kwenye basi upepo ndiyo springi yenyewe, kwenye pikapu ni msaidizi tu.

Wamarekani wameanza siku nyingi, kampuni ya Air Lift ipo tangu 1949. Seti kubwa za pikapu zinaandikwa kwamba zinanyanyua hadi pauni 5,000, yaani zaidi ya kilo 2,200. Hapo ndipo vijana wanapopata wazimu. Anasoma kilo 2,200, anajumlisha na tani moja ya pikapu, anakwambia sasa nina Fuso! Hapana mkubwa. Kwenye karatasi hiyo hiyo watengenezaji wenyewe wanaandika kwamba usizidishe uzito ambao gari lilipangiwa na kiwanda. Ekseli ni ile ile, beringi zile zile, breki zile zile, tairi zile zile, na chasisi ile ile. Kilichoongezeka ni urefu wa mkia kutoka chini.

Tupige hesabu kidogo. Tela likipakiwa vizuri, mdomo wake unakandamiza ndoano ya pikapu kwa kama asilimia 10 ya uzito wake. Tela la tani moja na nusu, weka kilo 150. Lakini ndoano haiko juu ya ekseli, iko nyuma yake, tuseme meta 1.2, na kutoka ekseli ya nyuma hadi ya mbele ni kama meta 3. Ni bembea ile! Kilo 150 za kwenye ndoano zinakuwa kilo 210 kwenye ekseli ya nyuma, na kilo 60 zinaondoka kwenye tairi za mbele, zile zinazopiga kona na zinazofanya kazi kubwa ya breki. Mifuko ya upepo inainua mkia, lakini kilo hizo 60 hairudishi mbele.

Halafu kuna chasisi, na hili ndilo lililonifanya niandike. Springi ya kawaida imeshika chasisi sehemu mbili, mbele ya ekseli na nyuma yake, kwa hiyo mzigo unagawanyika. Mfuko wa upepo unasukuma sehemu moja tu, katikati, juu ya ekseli. Ukiujaza sana, huku mizigo mizito imerundikwa mwisho kabisa wa bodi na tela linaning'inia nyuma, chasisi inakuwa kama fimbo uliyoiweka kwenye goti ukaivuta ncha zote mbili. Australia, ambako watu wanavuta tela kwenye barabara mbaya kama zetu, mafundi wameona pikapu nyingi zilizokunjika mgongo namna hii.

Huku kwetu nimeiona moja. Jirani yangu alikuwa anaelekea Kilosa kwa kupitia Ulaya (Ulaya yetu hii jamani, haihitaji viza, teh teh), amefunga mifuko, ameijaza mpaka mwisho, nyuma amepakia mashine ya kusaga na tela lina magunia. Kabla ya Zombo akapiga shimo. Gari halikuzima, lilitembea tu, ila mlango wa nyuma ukagoma kufunga na bodi ikaanza kugusa kebini. Alipolipeleka kwa fundi mmoja mzee Kilosa, mzee akainama chini ya gari kimya, akatoka akasema, "Mwanangu, gari lako limevunjika kiuno." Mashine ile alikuwa ameinunua kwa mkopo.

Mzee huyo ndiye aliyenionyesha jambo jingine. Pikapu nyingi, zikiwemo Hilux nyingi za zamani, zina vavu ya breki yenye fimbo inayoungana na ekseli ya nyuma. Gari likishuka kwa mzigo, fimbo inasogea, na breki za nyuma zinaongezewa nguvu. Ukinyanyua mkia kwa upepo, vavu inadhani gari ni tupu! Umebeba mzigo wote halafu breki za nyuma zinafanya kazi kivivu. Unateremka milima ya Iyovi hivyo? Mwambie fundi aikague na kuirekebisha kabla hujatoka gereji.

Basi wengine watasema bora kuongeza springi moja ya chuma kama tulivyozoea. Ni rahisi, kila gereji wanaweza, na nguvu inagawanyika sehemu zile mbili, kwa hiyo kwa anayebeba mzigo ule ule kila siku mimi namshauri hiyo. Ubaya ni kwamba gari likiwa tupu linaruka kama mbuzi. Ila usikubali springi ya kuokota ipigwe moto ili ipinde, chuma kinapoteza ugumu wake na siku moja kinakatika. Mifuko inamfaa mtu ambaye leo kabeba, kesho yuko tupu.

Ukiamua kuifunga, pima kwanza kwa futi kutoka katikati ya tairi hadi ukingo wa bodi, gari likiwa tupu. Pakia. Kisha jaza kidogo kidogo mpaka mkia ukaribie urefu ule, usiuzidishe. Mingi mwisho wake ni upepo 100, lakini huo ni mwisho wa mpira, siyo kipimo cha kazi. Kila upande uwe na njia yake ya upepo, maana zikiungwa pamoja, kwenye kona upepo unakimbilia upande wa pili na gari linalala zaidi. Mpira ukae mbali na bomba la moshi. Kuvuja unakujua kwa maji ya sabuni, kama fundi pancha anavyofanya.

Na tela lenyewe liwe na breki zake. Pikapu nyingi zimepangiwa kuvuta mwisho kilo 750 kwa tela lisilo na breki, na haya ya kuchomelea mtaani mengi hayana. Usitegemee mizani ikukamate, sheria ya uzito ya Afrika Mashariki inahusu magari ya kuanzia kilo 3,500, pikapu peke yake kwa kawaida inapita tu. Mizigo mizito isogeze mbele karibu na kebini, na ukishashusha punguza upepo kabla ya kurudi, ila usitoe wote, bakiza hata 5, la sivyo mpira unajikunja na kukatika.