Sangara Apandapo Ndege

Ukipita mwalo wa Kirumba, Mwanza, saa za asubuhi, utawaona wachukuzi wakikimbia na mizigo yao kana kwamba wanafukuzwa. Hawafukuzwi na mtu. Wanakimbia kwa sababu samaki hana subira. Sangara aliyeachwa katika joto la kawaida la kando ya ziwa hamalizi siku moja kabla ya kuharibika. Lakini sangara huyo huyo, akifukiwa kwenye barafu mara tu atolewapo majini, aweza kukaa wiki mbili na zaidi akiwa bado chakula kizuri. Tofauti hiyo ya saa chache na wiki mbili ndiyo iliyozaa biashara nzima ya kumsafirisha kwa ndege hadi Ulaya.

Sangara si mwenyeji wa Ziwa Victoria. Alipandikizwa humo na binadamu katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa muda mrefu hakuwa kitu cha kutajwa. Ilipofika miaka ya 1980 akafurika ziwa zima, akawala furu, wale samaki wadogo wa rangi nyingi, na mamia ya aina zao yakatoweka au yakabaki machache mno. Viwanda vya minofu vikajengwa, kwanza Kenya, kisha huku kwetu Mwanza, Musoma na Bukoba katika miaka ya 1990.

Sasa mfuate sangara huyo kiwandani. Huoshwa, hukatwa minofu, hutolewa ngozi na mifupa, kisha minofu hupozwa hadi karibu na nyuzi 0 za Sentigredi na kupangwa katika makasha mepesi ya povu gumu jeupe, lile lile tulizoealo katika kufungia redio mpya. Kutoka hapo, minofu hii mibichi haitakiwi kuvuka nyuzi 4 hadi ifike mezani kwa mlaji. Lori lenye jokofu likiharibika njiani, au mzigo ukiachwa juani uwanjani kwa saa mbili kwa kungoja karatasi za forodha, kazi ya watu mia imepotea. Kwa miaka mingi shehena kubwa ya minofu yetu imekuwa ikisafirishwa kwa barabara hadi Nairobi na Entebbe ili ipande ndege huko, nasi tukabaki kuhesabu malori.

Minofu iliyogandishwa ni jambo lingine. Hiyo huwekwa katika baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, na kwa kuwa yaweza kukaa miezi, aghalabu husafiri kwa meli katika makontena ya baridi. Ndege ni ghali. Hakuna mfanyabiashara mwenye akili atakayelipa nauli ya ndege kwa kitu kinachoweza kungoja. Anayelipa nauli hiyo ananunua muda.

Na nauli yenyewe ina hesabu yake, ambayo wengi huijua siku ya kulia. Mashirika ya ndege hayaangalii mizani peke yake. Huchukua urefu, upana na kimo cha kasha kwa sentimita, huzidisha, kisha hugawanya kwa 6,000. Kasha la sentimita 60 kwa 40 kwa 30 hutoa kilo 12. Ikiwa ndani yake umetia kilo 8 tu za samaki, utalipia 12. Hewa nayo inakata tiketi!

Barafu ya kawaida ikiyeyuka huleta balaa, kwa kuwa maji yenye chumvi na damu ya samaki hula madini ya ndege. Ndiyo maana kasha linalovuja hukataliwa. Wengine hutumia barafu kavu, yaani hewa ya kaboni iliyogandishwa kwa nyuzi 78 chini ya sifuri. Hii haiachi maji. Hugeuka hewa moja kwa moja. Lakini hewa hiyo huchukua nafasi ya ile tunayoivuta, kwa hiyo rubani lazima ajue ni kilo ngapi zimepakiwa, na kasha lazima liandikwe. Ukiifungia ndani ya chombo kisichopitisha hewa, kitapasuka. Ikiwa mzigo wa namna hiyo utafika nyumbani kwako, usimruhusu mtoto kuigusa, kwani huunguza ngozi kama moto.

Biashara hii ina pigo lake. Mwishoni mwa mwaka 1997, kipindupindu kilipokuwa kimeenea Afrika Mashariki, Ulaya ilipiga marufuku samaki wabichi wa nchi zetu. Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba marufuku hayo hayakuwa na sababu ya kutosha, lakini marufuku hayangojei hoja. Yakaondolewa katikati ya mwaka 1998, na mwaka 1999 yakaja mengine, safari hii kwa sababu ya watu waliotia sumu majini ili kuvua. Mvuvi mwaminifu wa Ukerewe alilipa deni la mwenye sumu asiyemjua. Mwaka 2020 ndege za abiria zilipositishwa kwa sababu ya korona, mzigo mwingi ulikosa njia, kwani watu wengi hawajui kwamba matumbo ya ndege za abiria hubeba sehemu kubwa ya shehena ya dunia. Mwaka 2023 Shirika la Ndege la Tanzania lilipata ndege yake ya mizigo, Boeing 767, yenye uwezo wa kubeba tani zipatazo 54.

Wapo pia waliolipa kwa uhai. Tarehe 23 Machi, 2005, ndege ya mizigo aina ya Ilyushin 76, ikiwa imejaa minofu, ilianguka ziwani muda mfupi baada ya kuruka kutoka Mwanza. Watu wote 8 waliokuwamo walifariki.

Tuseme na lile ambalo huzungumzwa kwa sauti ya chini. Katika sangara wa kilo 10, minofu ni zaidi kidogo tu ya theluthi moja. Inayobaki ni kichwa, mifupa na mafuta, yaani panki. Filamu moja ya mwaka 2004 iliyotengenezwa na Hubert Sauper, raia wa Austria, iliyaonyesha mapanki hayo kwa namna iliyozua ugomvi mkubwa nchini. Sina haja ya kuufufua hapa. Nitasema tu kwamba panki lililokaangwa vizuri si aibu kwa mtu yeyote. Lililo gumu kuelezwa ni mama wa Mwanza kushindwa bei ya mnofu wa samaki aliyevuliwa mbele ya mlango wake. Hata bondo, ambalo zamani halikuwa na thamani kubwa, sasa hukaushwa na kupelekwa Hong Kong na China kwa bei inayoushinda mnofu wenyewe.

Wewe uliyeko Dar es Salaam na unayeletewa sato au sangara na ndugu zako wa Kanda ya Ziwa, mwombe mtumaji amgandishe samaki siku nzima kabla ya kufunga, ajaze kasha mpaka juu, kwani nafasi tupu huyeyusha, na azibe maungio kwa gundi ya karatasi. Ukipokea, bonyeza samaki kwa kidole. Aliye mgumu kama jiwe mtie kwenye friza. Aliyelegea mpike siku hiyo hiyo, wala usimgandishe tena.

Na kwa kuwa umeme nao hukatika, gandisha kikombe cha maji ndani ya friza yako, kisha weka sarafu juu ya ile barafu. Ukirudi safari ukaikuta sarafu imezama chini ya kikombe, jua kwamba kila kitu humo kiliyeyuka na kuganda upya ulipokuwa hupo.