Habari za Viroboto, na Jinsi ya Kuwatoa Nyumbani

Pana mdudu mmoja ambaye watu wengi huona haya kumtaja mbele ya wageni, ijapokuwa nyumba ambazo hajapata kuingia ni chache. Huyo ni kiroboto. Mama akiona vipele vyekundu vifundoni mwa miguu ya mtoto wake, hunyamaza, asije akasemwa na jirani kuwa nyumba yake ni chafu. Kunyamaza huko ndiko kumpako kiroboto nafasi. Kwa hiyo twapenda leo kueleza habari zake wazi, maana ni vigumu kumshinda adui ambaye kwao hupajui.

Kwanza imetupasa kuondoa dhana moja. Wengi hudhani ya kuwa kiroboto huzaliwa katika manyoya ya mbwa, hukua humo na kufa humo. Basi mbwa akifukuzwa, taabu imekwisha. Sivyo. Kiroboto mkubwa hukaa juu ya mnyama na kunywa damu yake, lakini watoto wake hawakai huko. Jike akisha kushiba damu hutaga mayai, na kwa siku moja aweza kutaga 20 mpaka 50. Mayai hayo ni meupe, madogo, tena ni laini wala hayashiki katika manyoya. Mbwa akijikuna au akijitikisa, huanguka chini kama chumvi iliyomwagika: mkekani, uvunguni mwa kitanda, katika nyufa za sakafu, na kila mahali apendapo kulala.

Baada ya siku chache mayai huanguliwa, na kutoka kwake hupatikana mabuu madogo meupe yasiyo na miguu. Hayo hukimbia nuru na kujificha vumbini. Chakula chake ni punje nyeusi zinazoanguka kutoka kwa viroboto wakubwa, nazo si kitu ila kinyesi chenye damu iliyokauka. Hivyo mama huwaangushia watoto wake kitanda na chakula pamoja. Buu akisha kukua hujifumia kifuko, na vumbi huganda juu ya kifuko hicho hata jicho lisikitambue. Humo ndani hugeuka kuwa kiroboto kamili. Wataalamu hukadiria ya kwamba katika jamaa yote ya viroboto wa nyumba moja, mayai na mabuu na vifuko vikihesabiwa pamoja, walio juu ya mnyama ni kama 5 tu katika kila 100. Wengine wote wamo vumbini.

Tena ndani ya kifuko kiroboto aweza kungoja miezi kadha bila kula, mpaka asikie mtikisiko wa miguu, au joto la mwili, au pumzi ya kiumbe. Hapo hutoka mara moja. Ndiyo sababu watu wakirudi katika nyumba iliyofungwa muda mrefu, huvamiwa na viroboto kwa wingi siku ileile, nao hushangaa, maana hapakuwa na mtu wala mnyama. Wengine husema wamerogwa, au humshitaki jirani. Hapana uchawi hapo. Ni vifuko vilivyokuwa vikingoja. Na mtu amfukuzaye mbwa asisafishe nyumba, amewaondolea viroboto chakula chao cha desturi. Sasa watawageukia watoto wanaolala chini.

Labda msomaji atauliza, "Je, kiroboto ana madhara gani zaidi ya kuwasha?" Anayo. Mtoto asiyelala usiku kwa kujikuna hawezi kusoma vema asubuhi, na mahali alipojikuna kwa kucha chafu huingia usaha. Mbwa au paka mchanga aliyejaa viroboto aweza kupungukiwa na damu hata akafa. Kadhalika wako viroboto wachukuao ndani yao mbegu ya tegu wa mbwa. Mbwa hummeza kiroboto akijilamba, akampata tegu huyo. Na mtoto mdogo achezaye na mbwa aweza kumpata vilevile akimmeza kiroboto bila kujua.

Lakini madhara yaliyo makubwa kupita yote ni tauni, ambayo huchukuliwa hasa na viroboto wa panya. Mwaka wa 1898 tabibu Mfaransa, Paul-Louis Simond, alikuwa katika mji wa Karachi. Alimtia panya mgonjwa wa tauni, mwenye viroboto, katika chupa kubwa. Na panya mzima akamtia katika kitundu cha waya, wasipate kugusana. Viroboto wakapita katika matundu ya waya, na yule panya mzima akaugua akafa. Tabibu wengi hawakumsadiki kwa miaka kadha, hata uchunguzi mwingine uliofanywa huko India ulipoonyesha ya kuwa alisema kweli.

Kwa watu wa Tanzania habari hizi si za mbali. Katika milima ya Usambara, wilaya ya Lushoto, tauni ilizuka mwaka wa 1980, ikawa kurudi tena na tena kwa muda wa miaka zaidi ya 20. Walioipata walikuwa maelfu, na waliokufa mamia. Hatusemi haya ili kuwatisha wenye mbwa, maana kuumwa na kiroboto si kupata tauni. Walakini mahali ambapo ugonjwa huo umepata kuwako, watu wakumbuke jambo hili: panya akifa, viroboto wake humwacha na kutafuta damu nyingine. Kwa hiyo huko haifai kuua panya kabla ya kuua viroboto, wala mtu asimshike panya mfu kwa mkono mtupu. Na mtu akishikwa na homa kali ya ghafula pamoja na mtoki kinenani au uvimbe kwapani, apelekwe hospitali siku ileile. Dawa zipo, nazo huponya ikiwa mgonjwa amewahi.

Basi tufanyeje? Kazi ni mbili, na mtu akifanya moja akaiacha ya pili, amechoka bure.

Kazi ya kwanza ni mnyama. Ili kujua kama ana viroboto, mchane kwa kitana chenye meno ya karibu karibu, juu ya kitambaa cheupe. Ukiona punje nyeusi, zilowanishe kwa maji. Zikitoa wekundu, si vumbi, ni damu, na viroboto wapo. Kisha mwoshe mbwa kwa maji na sabuni. Anza kwa kumzungushia povu shingoni, maana ukianza mgongoni viroboto hukimbilia masikioni na usoni. Baadaye mchane, na wale watokao uwatie katika bakuli la maji ya sabuni. Tena iko dawa ya matone ya kutia shingoni, na iko ya vidonge. Mwulize daktari wa mifugo ni ipi imfaayo mnyama wako kwa uzito wake na umri wake. Wanyama wote wa nyumbani watibiwe siku moja, kwa kuwa ukimtibu mbwa na kumwacha paka, umefunga mlango na kuacha dirisha wazi.

Hapa twawasihi wasomaji sana. Msimpake mnyama mafuta ya taa, wala dawa ya kunyunyizia mimea shambani, wala msipime kwa kukisia dawa ya kuogeshea ng'ombe. Vitu hivi huchoma ngozi, na mnyama akijilamba humwua. Paka naye ana udhaifu wake: ziko dawa ambazo mbwa huzivumilia, na paka hufa kwazo. Dawa iliyoandikwa kuwa ya mbwa, paka asiipate.

Kazi ya pili ni nyumba, na hii ndiyo kubwa. Toeni nje mikeka, magodoro, mablanketi na matambara alaliayo mbwa. Yaanikeni juani kutwa, mkiyageuza, maana buu la kiroboto halistahimili jua kali wala ukavu. Yanayoweza kufuliwa yafuliwe kwa maji ya moto. Kisha fagieni nyumba nzima, hasa pembeni, uvunguni mwa vitanda na nyuma ya masanduku, kwa kuwa mabuu hayakai katikati ya chumba penye nuru. Taka zile msizitupe mlangoni, zichomeni moto. Sakafu ya udongo iliyopasuka isilibwe upya, nyufa zizibwe, ikauke vema. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mbuzi na kuku wawe na banda lao, wasilale chumba kimoja na watu. Na nafaka iwekwe mahali ambapo panya hapati, ili asizoee nyumba.

Kazi hii haimaliziki kwa siku moja. Vifuko vilivyobaki vitatoa viroboto wapya juma lijalo, na juma la pili, na pengine mwezi wa pili. Wengi hukata tamaa hapo, wakasema dawa haikufaa kitu. Sivyo, hao ni wale waliokuwa wamefichwa. Endeleeni kufagia kila siku na kuanika kila juma kwa muda wa miezi miwili au mitatu, na mnyama apewe dawa yake kwa wakati wake. Mkitaka kujua kama wanapungua, usiku wekeni sakafuni sahani pana ya maji yenye sabuni kidogo, na taa karibu nayo, mahali ambapo watoto hawafiki. Viroboto huirukia nuru na kuzama majini. Asubuhi wahesabuni.

Walimu nao watatusaidia wakiwaonyesha watoto punje nyeusi zinavyogeuka nyekundu katika kitambaa chenye maji. Mtoto aliyeliona jambo hilo kwa macho yake atakwenda nyumbani kushika ufagio bila kusukumwa, na mama yake hataona haya tena kumwuliza jirani, "Je, ninyi mliwatoaje?"