Mistari saba ya hatari kwenye skrini

Anayetumia Linux kwenye kompyuta yenye michoro ya Intel, akifungua kumbukumbu za mfumo kwa amri ya dmesg, huenda siku moja akakuta mstari mwekundu unaolalamika kwamba sasisho limeshindikana kwenye bomba A. Bomba hapa si la maji. Ni njia inayopeleka picha kwenye skrini. Wengi hudhani kadi imeungua. Haijaungua. Draiva, yaani programu inayoendesha michoro hiyo, imekiri tu kwamba imechelewa.

Skrini ya 1920 kwa 1080 inayochorwa mara 60 kwa sekunde hupokea picha mstari kwa mstari, kutoka juu kwenda chini. Tunaiona mistari 1080, ila inayohesabiwa kwa kawaida ni 1125. Ile 45 ya ziada haibebi picha. Ni mapumziko, urithi wa televisheni za chogo, ambazo mwale wake wa elektroni ulihitaji muda wa kurudi juu. Kila mstari huchukua takriban mikrosekunde 14.8, kwa hiyo mapumziko yote hayafiki hata milisekunde moja.

Dirisha linaposogezwa, draiva huandika maagizo mapya kwenye rejista za chipu ya michoro: picha ianzie wapi, iwe na ukubwa gani, kishale kikae wapi. Chipu haiyatii papo hapo. Huyaweka kando, na mapumziko yakianza huyachukua yote kwa mpigo. Hatari iko hapo: yakianza wakati draiva imeandika nusu tu, chipu itachukua nusu hiyo, na fremu moja itatoka na mambo mapya yaliyochanganyika na ya zamani.

Kwa hiyo draiva huuliza kwanza: uchoraji umefika mstari wa ngapi? Ukiwa kati ya 1073 na 1079, haianzi. Mistari hiyo saba ni sawa na mikrosekunde 100 hivi, muda iliojiwekea wa kumaliza kazi. Ngojangoja huumiza matumbo, lakini hapa ndiyo salama. Mapumziko yakishaanza, huandika haraka bila kusikiliza wito wowote, kisha hulinganisha idadi ya fremu kabla na baada. Ikibadilika katikati ya kazi, onyo huandikwa.

Mkosaji mara nyingine si draiva. Programu ya ubao mama inaweza kuinyakua prosesa bila kuomba ruhusa ya Linux. Zana za kusaka hitilafu nazo huchelewesha. Kiini cha Linux kinapojengwa pamoja na ukaguzi wa kufuli, ule muda wa mikrosekunde 100 hupandishwa hadi mikrosekunde 250.

Kwa maoni yangu, rangi nyekundu imetiwa chumvi. Onyo moja kwa wiki ni fremu moja iliyoharibika, lipuuze. Likijirudia huku skrini ikimemeteka, sasisha kiini na programu ya ubao mama. Likiendelea, wapelekee watunzaji wa draiva mstari mzima pamoja na tarakimu zake, maana humo ndimo wanamosoma uandishi ulianzia mstari gani na kuishia upi.