Picha Pana na Picha za Karibu katika Mlima Kenya

Mlima Kenya, ambao Wameru huuita Kirimaara, ni mpana kuliko jicho la kamera. Mtu aliyesimama mjini Embu au mjini Meru, asubuhi yenye anga safi, huuona wote tangu misitu ya chini hadi vilele vya Batian, mita 5,199, na Nelion, mita 5,188. Lakini akiinua kamera yake hukuta moja ya mambo mawili: ama mlima waingia wote katika picha ukawa mdogo kama kichuguu, ama vilele vyaonekana vema na mabega ya mlima yakakatwa. Dawa ya shida hiyo ni ya zamani, nayo ni kupiga picha kadhaa zinazofuatana, kisha kuziunganisha ziwe picha moja pana.

Iko shida nyingine iliyo kinyume cha hiyo. Mtu akiinama kupiga picha ya ua dogo au mdudu, huona kwamba sehemu nyembamba tu ndiyo iliyotokea wazi, na zilizobaki zina ukungu. Dawa yake ni ile ile: picha nyingi kufanywa moja. Na kazi zote mbili zaweza kufanywa kwa mikono mitupu, bila ya kubeba miguu mitatu ya kusimamishia kamera. Jambo hili ni nafuu kubwa kwa mtu apandaye mlima kutoka Chogoria, naye tayari ana hema, chakula na nguo za baridi mgongoni.

FAIDA YA PICHA HIZO

Picha za mlima huu si za kupamba ukuta tu. Tarehe 13 Septemba 1899 Halford Mackinder alifika kilele cha Batian pamoja na viongozi wake, César Ollier na Joseph Brocherel, na katika msafara huo alikuwamo Campbell Hausburg aliyepiga picha. Mwaka 1934 Wajerumani wawili, Carl Troll na Karl Wien, waliupima mto wa barafu uitwao Lewis kwa njia ya picha, wakachora ramani yake. Kwa sababu vipimo vyao vilihifadhiwa, wataalamu wa baadaye waliweza kulinganisha, wakaona kwamba kutoka mwaka 1934 hadi mwaka 2010 mto huo wa barafu ulipoteza kiasi cha sehemu tisa katika kumi za ujazo wake. Mwaka 2014 Mwingereza Simon Norfolk alikwenda hapo usiku, akapita na mwenge palipokuwa ukingo wa barafu zamani, huku kamera ikiwa wazi muda mrefu. Katika picha zake mstari wa moto huonyesha barafu ilifika wapi, na giza lililo kati yake na barafu ya leo huonyesha iliyokwisha potea.

Lakini mito ya upande wa Meru na Embu, kama vile Nithi, Mutonga, Thuchi, Rupingazi na Kathita, hupata maji yake zaidi kwa mvua na msitu kuliko kwa barafu. Kwa hiyo picha ya ukingo wa msitu ina thamani sawa na picha ya vilele. Mwaka 1999 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya lilikagua msitu wa mlima kwa ndege, likaona jinsi miti ilivyokatwa na mashamba ya bangi yalivyolimwa ndani yake; na mwaka 2000 msitu huo ulitangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Mambo yaliyokuwa yamefichwa na miti yalipoonekana, hatua zilichukuliwa.

MAHALI NA SAA

Mji wa Embu uko kusini mashariki ya vilele na mji wa Meru uko kaskazini mashariki, kila mmoja umbali wa kilomita 45 hivi. Kwa hiyo jua linapochomoza huupiga mlima usoni kwa mtu anayetazama kutoka miji yote miwili. Saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili za asubuhi ndio wakati mzuri. Baadaye mawingu hupanda kutoka msituni na kuvifunika vilele. Miezi ya Januari na Februari kwa kawaida ina anga safi kuliko mingine.

Kwa aliye na nguvu za kupanda, njia ya Chogoria humfikisha kwenye jabali liitwalo Temple. Chini yake liko Ziwa Michaelson, katika bonde lililochongwa na barafu ya zamani za kale. Hapana picha moja iwezayo kulionyesha bonde lile lote, na hapo ndipo picha pana inapotakiwa hasa.

JINSI YA KUPIGA PICHA PANA

Kwanza, kamera ishikwe wima, si kwa ulalo. Picha zitakuwa nyingi zaidi, lakini juu na chini patabaki nafasi. Nafasi hiyo yahitajika, maana picha zikiunganishwa kingo zake hupindapinda, na hapana budi kuzipunguza.

Pili, mwanga usibadilike kati ya picha na picha. Kamera ikiachwa ijichagulie yenyewe, itaangaza picha ya msitu na kufifisha picha ya anga, na maungio yataonekana kama viraka katika nguo. Mpiga picha apime mwanga wa mahali penye weupe mwingi, kama wingu au theluji, kisha aufunge hapo. Afunge pia umbali wa kulenga na rangi ya mwanga. Kioo cha kupunguzia mng'ao kiondolewe, kwa kuwa hutia anga weusi upande mmoja tu.

Tatu, kila picha ilalie theluthi moja ya ile iliyotangulia. Kamera yenye kipokezi cha milimita 36 kwa 24 na lenzi ya milimita 50, ikishikwa wima, huona upana wa nyuzi 27 hivi. Theluthi yake ikirudiwa, kila picha mpya huongeza nyuzi 18. Basi anayetaka kuonyesha nyuzi 120, yaani theluthi ya duara lote, atahitaji picha saba. Inafaa kuchagua alama kabla ya kuanza, kama vile mwamba au mti, ili kujua kila picha itaishia wapi.

Nne, na hapa ndipo wengi wanapokosea, kamera izunguke mahali pamoja. Mtu mwenye simu katika mkono ulionyooshwa, sentimita 50 kutoka mwilini, akigeuka robo ya duara, simu yake imehama sentimita 70. Kwa jabali lililo mbali kilomita moja hilo si kitu. Lakini kwa lobelia iliyo umbali wa mita mbili, ni kana kwamba mmea umesogea karibu nyuzi 20 mbele ya jabali, na programu ya kompyuta haitajua iuweke wapi. Itauonyesha mara mbili au itaukata katikati. Kwa sababu hiyo viwiko vibanwe mbavuni, kamera iwe karibu na uso, na miguu ndiyo ihame kidogo kidogo kuizunguka kamera. Asiyeweza hivyo aepuke kuweka kitu cho chote cha karibu mbele ya picha.

Tano, mstari wa upeo wa macho ubaki katika kimo kimoja tangu picha ya kwanza hadi ya mwisho, na picha zipigwe upesi, kwa maana mawingu hayangoji. Ni desturi nzuri kupiga picha ya kiganja cha mkono kabla ya mfululizo na baada yake. Jioni, mbele ya mamia ya picha zinazofanana, viganja hivyo ndivyo vitakavyoonyesha mwanzo na mwisho.

Zamani picha zilisafishwa katika karatasi, zikakatwa kwa mkasi na kubandikwa kwa gundi. Siku hizi programu za kompyuta na za simu hufanya kazi hiyo kwa dakika chache. Hata hivyo programu haiwezi kuonyesha kwa ukweli kipande ambacho hakikupigwa.

JINSI YA KUPIGA PICHA ZA KARIBU

Juu ya msitu, mahali penye baridi kali, kuna lobelia ambayo majani yake hujipanga kama bakuli na kushika maji. Usiku maji hayo huganda juu, na barafu hiyo huzuia baridi isikifikie kitumba cha katikati. Kuna na lobelia nyingine, iitwayo telekii, yenye mkungu mrefu uliofunikwa na vijani kama manyoya; huchanua mara moja tu kisha hufa. Ndege aitwaye chozi huitembelea kufuata maji matamu ya maua yake. Mambo hayo hayaonekani katika picha pana. Yataka mtu apige magoti.

Kitu kikipigwa kwa ukubwa wake halisi, hata tundu la lenzi likipunguzwa hadi namba 8, sehemu iliyo wazi ina unene wa milimita moja tu. Pumzi moja ya mpiga picha yatosha kuipoteza. Basi na afunge umbali wa kulenga, aweke kiwiko juu ya goti, kisha ausogeze mwili mbele taratibu huku akipiga picha nane au kumi mfululizo, tangu ncha ya ua iliyo karibu hadi iliyo mbali. Programu itachagua katika kila picha ile sehemu iliyo wazi na kuziweka pamoja. Kasi ya shata isipungue sehemu moja ya 250 ya sekunde. Na afanye kazi hiyo mapema, kabla ya upepo kuamka, kwa kuwa ua linalotikisika haliunganishiki.

HATARI NA ADABU

Mwenye jicho katika kamera haoni miguu yake. Juu ya Temple ukingo ni wa wima, na anayejizungusha huku akirudi nyuma aweza kuanguka. Achague kwanza mahali pa kusimama, akapajaribu kwa miguu, ndipo ainue kamera. Kadhalika asipande haraka kwa kukimbilia mawio ya jua. Kichwa kikiuma sana na kichefuchefu kikimshika, ateremke, hata kama anga ni safi.

Mimea ya huko hukua polepole sana. Haifai kung'oa jani lililoziba ua, wala kumwaga maji ya lobelia ili kuona ndani. Picha iliyopatikana kwa kuharibu imeharibu kile kile ilichokusudiwa kuhifadhi.

KUMBUKUMBU

Mwisho, kila picha iandikwe tarehe, saa, mahali hasa aliposimama mpiga picha, na upande alioelekea. Kazi hiyo ya dakika mbili ndiyo itakayomwezesha mtu mwingine, miaka 50 baadaye, kusimama pale pale na kupiga tena. Hapo ukingo wa msitu wa Chuka au wa Irangi utakuwa umesogea ama haukusogea, na vijana wa Meru na Embu hawatahitaji kubishana juu ya jambo hilo. Wataweka picha mbili mezani na kutazama.