Kubadilisha Diski Kuu ya Kipakatalishi: Mwongozo kwa Mtafiti wa Fasihi Simulizi Katika Eneo la Matuga

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi simulizi anayefanya utafiti wa nyanjani katika eneo la Matuga, Kaunti ya Kwale, hurudi kutoka Waa, Tiwi, Ng'ombeni au Tsimba akiwa na hazina ya ngano, vitendawili, methali na nyimbo za ngoma ya sengenya ya Wadigo. Zamani hazina hiyo iliwekwa katika kanda za kaseti. Siku hizi huishia katika diski kuu ya kipakatalishi, kifaa ambacho wengine hukiita diski ngumu. Makala haya yanaeleza jinsi ya kutambua diski inayoelekea kufa, kuchagua nyingine na kuifunga. Hoja yake kuu ni kwamba diski ina bei dukani, ilhali sauti ya mzee aliyekwisha kufariki haina bei. Kwa hivyo, kazi ya kwanza ni kuokoa data, ya pili ni kununua, na kufungua skrubu huja mwisho.

Dalili za Diski Inayokufa

Diski ya kawaida ina sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani hizo kwa umbali mdogo kuliko chembe ya vumbi. Ndiyo maana mtikiso wa matatu au bodaboda kwenye barabara ya vumbi, iwapo kipakatalishi hakijazimwa, unaweza kuidhuru. Aidha, unyevu na chumvi ya hewa ya pwani hula metali za viungio, na umeme unapokatika ghafla uandishi wa faili huweza kukatizwa.

Dalili ya mvua ni mawingu. Diski ikianza kugonga-gonga, faili zikichukua muda mrefu kufunguka, au mashine ikikwama mara kwa mara, mtafiti aache kuitumia kwa kazi nyingine na anakili kwanza rekodi zisizo na nakala kwingineko. Asikifungue kifuniko cha diski yenyewe, kwani vumbi likiingia huharibu hata kile ambacho fundi wa kuokoa data angeweza kukipata.

Kuchagua Diski

Swali la kwanza ni umbo. Vipakatalishi vingi vya zamani hutumia diski ya inchi 2.5, yenye unene wa milimita 7 au 9.5. Nene haiingii katika nafasi ya nyembamba. Vile vilivyotengenezwa kabla ya kiungio cha SATA kuenea, kuanzia 2003, huhitaji kiungio cha aina ya zamani chenye pini nyingi. Vipya hutumia kipande chembamba cha M.2, ambacho aghalabu kina upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 80. Hapa pana mtego: vipande vya M.2 hufanana kwa umbo, lakini vingine hufuata SATA na vingine NVMe, na si kila nafasi hupokea zote mbili. Baadhi ya vipakatalishi, hasa vyembamba sana, hifadhi yake imelehemiwa kwenye bodi na haibadilishwi. Kabla ya kuvuka Likoni kwenda kununua Mombasa, mtafiti anakili namba kamili ya modeli ya mashine yake na maandishi yaliyo kwenye diski ya zamani.

Swali la pili ni aina. Diski ya hali mango, inayoandikwa SSD kwenye pakiti, haina kinachozunguka. Hustahimili mtikiso na husoma data kwa kasi kubwa zaidi, kwa hivyo inamfaa mtu wa nyanjani. Hata hivyo, ikiachwa kabatini miaka mingi bila umeme, chaji inayobeba data huweza kufifia, na faili iliyofutwa humo ni vigumu kuirejesha. Ni chombo cha kazi, si kabati la kumbukumbu.

Swali la tatu ni ukubwa. Rekodi ya WAV yenye ubora wa CD, yaani hezi 44,100, biti 16 na stirio, huchukua takriban megabaiti 635 kwa saa. Saa 200 za masimulizi ni kama gigabaiti 127, bila kuhesabu video. Pia mnunuzi asidhani ameibiwa akiona diski ya terabaiti 1 ikisomeka gigabaiti 931: mtengenezaji huhesabu kwa elfu, mashine kwa 1,024.

Kuifunga

Kwanza, data yote inakiliwa kwenye diski ya nje. Iwapo diski ya zamani bado inasomeka vizuri, inaweza kudurufiwa nzima kwenye mpya iliyo ndani ya kikasha cha USB. La sivyo, mfumo endeshi husakinishwa upya.

Kisha mashine huzimwa kabisa, chaja huchomolewa na betri hutolewa. Betri ikiwa ya ndani, kiungio chake hutenganishwa mara tu baada ya mfuniko kufunguliwa. Fundi hugusa metali tupu ili kuondoa umeme tuli mwilini. Skrubu hupangwa kwa mpangilio wa zilivyotoka, kwani urefu wake hutofautiana.

Diski ya inchi 2.5 huvutwa kwa usawa bila kuinuliwa kwa nguvu. Fremu yake huhamishiwa diski mpya, nayo husukumwa hadi kiungio kishike. Kipande cha M.2 huingizwa kwa mshazari, hulazwa, kisha hubanwa kwa skrubu moja.

Hitimisho

Mashine ikiwaka, kazi haijaisha. Rekodi kadhaa zisikilizwe hadi mwisho, na idadi ya faili ilinganishwe na ya awali. Diski ya zamani isitupwe wala kuuzwa kabla ya hapo. Hata baadaye, data yake ifutwe kabisa au diski ivunjwe, kwa kuwa ina sauti na majina ya watu ambao Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inawalinda.

Akiba haiozi, ila akiba ya mahali pamoja huungua pamoja. Nakala moja ikae kwenye kipakatalishi, ya pili kwenye diski ya nje, na ya tatu mbali na nyumbani, iwe idarani au mtandaoni. Hapo diski itakapokufa, kitakachopotea kitakuwa kifaa tu.