Mila za Mafundi wa Diski, Zikitazamwa Kutoka Karusandara

Ukiita "Bwambale" pale Karusandara, wilayani Kasese nchini Uganda, penye maduka, watageuka wengi. Kwa Wakonzo, jina la mtoto hufuata zamu yake ya kuzaliwa: Masika ni binti wa kwanza, Biira wa pili, Kabugho wa tatu, Bwambale ni mvulana wa pili, Masereka wa tatu. Ng'ambo ya mto Lhubiriha, kwa ndugu zao Wanande wa Kongo, Bwambale huyo huyo ni Kambale, na Masereka ni Kasereka. Jina la ubatizo huja baadaye, la utani hupachikwa na marafiki, na yote mawili mtu anaweza kuyaacha njiani. Zamu haiachwi.

Diski ya kompyuta nayo mara nyingi huyajua mafaili yake hivyo hivyo. Jina tunaloliona, "mahudhurio" au "picha za harusi", limeandikwa kwenye saraka tu. Faili lenyewe hujulikana kwa namba, na chini ya namba hiyo kuna kumbukumbu ambayo mafundi huiita ainodi: ukubwa wa faili, mwenyewe, na bloku za diski ambamo yaliyomo yamehifadhiwa. Umeme ukikatika wakati diski inaandika, saraka yaweza kuharibika na ainodi ikabaki. Programu ya ukarabati ikilikuta faili ambalo hakuna saraka inayolitaja, hailifuti. Hulipeleka kwenye saraka iitwayo lost+found na kuliandika kwa namba yake, lisubiri mtu wa kulitambua.

Watu wanaoandika programu hizo na kuzirekebisha zinapokosea ni jamii ndogo iliyotawanyika duniani, na ina mila zake. Wengi wao hawajawahi kusikia jina Karusandara. Kazi yao imefika hapa hata hivyo. Simu nyingi za Android hutunza data kwa mfumo wa faili wa ext4, na simu ikiwashwa baada ya kuzimika vibaya, programu ya e2fsck hupita kwanza kukagua kabla mwenye simu hajaweza kuitumia. Katika wilaya ya Kasese, ambako mwezi Mei 2020 mito ya Nyamwamba, Mubuku, Nyamugasani na Lhubiriha ilivunja kingo zake kwa mkupuo, hakuna haja ya kumweleza mtu maana ya kukatikiwa kazi katikati.

Wazee wa jamii hii wanajulikana. Toleo la saba la Unix, la mwaka 1979, lilikuwa na vijiprogramu icheck, dcheck na ncheck, kila kimoja kikitazama upande wake, na msimamizi wa mashine ndiye aliyeunganisha majibu kichwani mwake. Ted Kowalski wa Bell Labs aliandika fsck, ikazikusanya kazi hizo mahali pamoja. Marshall Kirk McKusick wa Berkeley akaiendeleza kwa ajili ya mfumo wa faili wa BSD, na wawili hao wakaacha maandishi yanayoeleza hatua kwa hatua jinsi programu hiyo inavyoamua. Mwaka 1993 Rémy Card na wenzake walitoa ext2, babu wa ext4, kwa Linux. Theodore Ts'o akaandika e2fsck ya kuihudumia, na miongo mitatu baadaye bado ndiye anayeitunza.

Ukaguzi wa e2fsck huenda kwa hatua tano. Kwanza ainodi na bloku zake. Pili saraka. Tatu, kama kila saraka ina njia ya kurudi kwenye mzizi. Nne, kama idadi ya majina ya kila faili inalingana na hesabu iliyoandikwa kwenye ainodi. Tano, jumla za bloku zilizotumika na zilizo wazi. Mpangilio huo haukuwekwa kwa kupenda utaratibu: kila hatua huegemea iliyotangulia, na kuamini kitu kabla ya kukihakiki kuna gharama. Mwaka 2008 Haryadi Gunawi na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin waliharibu kwa makusudi vielekezi vya diski, wakaiachia e2fsck itengeneze, kisha wakachunguza matokeo. Waligundua kwamba kuna mahali ilipoamini taarifa mbovu kabla ya kuilinganisha na nzuri iliyokuwapo, na ukarabati wenyewe ukaongeza uharibifu. Naona hilo ndilo jambo zito kuliko yote katika kazi hii. Programu ya kuchezea muziki ikikosea, wimbo unakatika. Programu ya ukarabati ikikosea, inakosea juu ya kitu kilichokwisha jeruhiwa, na mara nyingi ni nakala pekee ambayo mwenyewe anayo.

Kwa hiyo mwiko wa kwanza ni kutoandika kabla ya kusoma. e2fsck ina njia ya kukagua tu, ambapo hujijibu "hapana" kwa kila pendekezo lake la kurekebisha. Ina pia njia ya kuhifadhi kando kila bloku inayotaka kuibadilisha, ili kazi yote iweze kurudishwa nyuma. Watu wa XFS, mfumo mwingine wa faili wa Linux, ni wakali zaidi. Chombo chao, xfs_repair, hukataa kufanya kazi ikiwa daftari la mabadiliko bado lina maandishi ambayo hayajahamishiwa mahali pake. Humwambia mtumiaji aufungue mfumo wa faili kwa kawaida kwanza, ili daftari lijisomee lenyewe. Na fsck.xfs, ile inayoitwa mashine inapowaka, kwa kawaida haifanyi kitu chochote, ikarudisha jibu kwamba yote ni sawa, kwa sababu XFS hujirekebisha kwa daftari lake inapofunguliwa, na ukarabati wa zaidi ya hapo husubiri mtu auombe. Watu wa Btrfs, mfumo wa faili mwingine tena, nao wameweka onyo kwamba chombo chao cha kurekebisha kisitumike bila ushauri wa mjuzi, kisha kikahesabu sekunde kumi kabla ya kuanza, mtu apate nafasi ya kughairi. Nawaheshimu sana kwa sekunde hizo.

Mwiko wa pili unahusu hitilafu za programu yenyewe, na hapa ndipo mila ya jamii hii inaponigusa zaidi. Mtu akiripoti kwamba e2fsck imeshindwa au imeharibu, haitoshi kusahihisha msimbo. Hutengenezwa diski ndogo ya bandia yenye jeraha lile lile, ikabanwa na kuwekwa ndani ya hazina ya programu, pamoja na mafaili mawili ya majibu: moja linaonyesha e2fsck inapaswa kusema nini ikipita mara ya kwanza, la pili inapaswa kusema nini ikipita mara ya pili. Mara ya kwanza itaje kasoro na kuirekebisha. Mara ya pili isikute kitu. Ikikuta, kazi haijaisha, hata kama diski inafunguka vizuri. Majeraha ya namna hiyo yamo mamia, na kila anayetaka kubadilisha mstari mmoja wa msimbo hutarajiwa kuyapitisha yote kabla ya kutuma kiraka chake. Hivyo kosa lililomuumiza mtu mmoja zamani huendelea kuwalinda watu ambao hawakuwahi kusikia habari zake.

Kiraka chenyewe hubeba majina. Tangu mwaka 2004 wajenzi wa Linux humtaka kila anayetuma badiliko aweke mstari wa sahihi kuthibitisha kwamba ana haki ya kulitoa, na desturi hiyo imeenea kwenye vyombo vya diski pia. Pamoja na sahihi hutajwa aliyeripoti, aliyekagua, aliyejaribu. Mgeni asiyejua kuandika hata mstari mmoja wa lugha ya C anaweza kutajwa humo kwa kuripoti vizuri tu, na jina lake likabaki kwenye historia ya programu kwa kudumu. Jamii nyingi za ufundi ninazozifahamu humfanya mgeni afagie karakana kwanza.

Hitilafu nyingine haziletwi na umeme. Mwaka 2019 watafiti wa Cisco Talos walionyesha kwamba diski iliyoharibiwa kwa hila ingeweza kuifanya e2fsck iandike nje ya mipaka ya kumbukumbu yake, kwanza kwenye sehemu inayoshughulikia mafaili ya mgao wa nafasi, kisha kwenye sehemu inayopanga upya saraka. Maana yake ni kwamba mgonjwa angeweza kumdhuru daktari, na kupitia kwake mashine nzima. Matoleo 1.45.4 na 1.45.5 yaliziba matundu hayo. Tangu hapo, mtu anayechomeka flashi ya kuokota na kuipa kompyuta ruhusa ya kuikagua anapaswa kujua kwamba ukaguzi wenyewe ni mlango.

Kuna pia staha. Atakaye kusaidiwa huombwa atume picha ya mfumo wake wa faili, na mtu wa kituo cha afya ana haki ya kuogopa: jina la faili peke yake laweza kumtaja mgonjwa. Chombo cha e2image hunakili muundo bila yaliyomo ndani ya mafaili, na kinaweza pia kuyavuruga majina ili yasisomeke. Kile cha XFS, xfs_metadump, huyaficha majina bila hata kuombwa. Anayetaka yaonekane ndiye analazimika kusema. Mtu aliyeweka chaguo la kuficha liwe la kawaida alifikiria uso wa mtu asiyemjua.

Sasa tazama Bwera, na soko la mpakani la Mpondwe, ambako simu na kadi za kumbukumbu huvuka pamoja na kahawa na vitenge. Kadi hizo mara nyingi hutumia FAT, mfumo wa zamani usio na ainodi: jina na mahali pa kuanzia vimo pamoja kwenye saraka, kwa hiyo saraka ikiharibika, hata zamu ya kuzaliwa hupotea. Programu ya fsck.fat huvikusanya vipande visivyo na mwenyewe na kuvipa majina mapya, FSCK0000.REC na yanayofuata. PhotoRec ya Christophe Grenier huenda mbali zaidi, ikatafuta picha kwa kuzitambua zinavyoanza, bila kujali saraka inasema nini. Vyote hivyo ni bure. Hata hivyo fundi wa simu mahali popote mwenye foleni ya wateja hushawishika kubonyeza "rekebisha" au kufomati kwanza, kadi irudi kufanya kazi, mteja aondoke. Hapo mwiko wa kwanza umevunjwa juu ya picha pekee za marehemu mama wa mtu. Nakala ya kadi nzima ingechukua muda na nafasi kiasi kwenye kompyuta ya fundi, na ndiyo ingeguswa badala ya kadi.

Hasara nyingine huonekana na wachache. Sehemu kama hizi, zenye umeme wa kukatika, betri zilizochoka na kadi za bei nafuu, huzalisha majeraha ya diski ambayo wajenzi walioketi penye umeme wa uhakika hawayaoni. Kila tunapofomati, jeraha linafutika, na hazina ile ya mamia haipati la kwetu. Wakati huo huo kazi inaendelea kwingine: mwaka 2024 sehemu kubwa ya ukarabati wa XFS bila kuuzima mfumo, kazi ya miaka mingi ya Darrick Wong, ilikamilika kuingia kwenye keneli ya Linux, ili diski iweze kutengenezwa watu wakiendelea kuitumia. Chombo hicho nacho kitakuwa na hitilafu zake, na zitajulikana kwa diski zilizoumia kweli. Mwalimu wa kompyuta wa Karusandara ambaye mashine yake ya Linux imekataa kuwaka asubuhi anaweza kuanza hapo: aendeshe e2fsck kwa njia ya kusoma tu, ahifadhi kila ilichosema, apige picha ya muundo kwa e2image huku majina yamevurugwa, aandike namba ya toleo na umeme ulikatika saa ngapi, avitume vyote kwa watunzaji, kisha ndipo arekebishe.