Fistula ya Haja Kubwa: Kisu au Uzi?

Kuna ugonjwa ambao mtu huuficha hata kwa mwenzake wa nyumbani. Kwanza jipu huota kando ya njia ya haja kubwa. Jipu hupasuka, maumivu hupungua, naye hudhani amepona. Lakini tundu dogo hubaki. Leo hutoa usaha, kesho hufunga, kisha huvimba tena. Hiyo ni fistula ya haja kubwa. Si ile ya mama aliyezaa kwa shida akavuja mkojo, ambayo hutibiwa kule Panzi, Bukavu.

Wala si kurogwa. Ndani ya njia ya haja kubwa mna tezi ndogo. Tezi ikiziba, usaha hujichimbia mfereji mpaka nje. Majani na vidonge haviondoi mfereji huo. Operesheni ndiyo dawa yake.

Njia ya kwanza ni kisu. Daktari hupasua mfereji wote na kuuacha wazi, upone kutoka chini kuja juu kwa muda wa majuma kadhaa. Louis XIV, mfalme wa Ufaransa, alipasuliwa hivyo mwaka 1686, akapona. Mfereji usipokwenda ndani sana, zaidi ya wagonjwa 9 katika 10 hupona.

Mbona basi wote hawapasuliwi? Kwa sababu kuna msuli wa mviringo unaozuia choo, kama kamba inavyofunga mdomo wa gunia. Ukikatwa sana, choo hutoka bila mtu kutaka. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa mama ambaye msuli wake ulichanika wakati wa kuzaa.

Mfereji ukipita katika msuli mwingi, daktari huchagua njia ya pili: uzi. Huupitisha ndani ya mfereji na kuufunga kama pete. Usaha hutoka, jipu halirudi, na msuli unabaki salama. Baada ya majuma au miezi, huenda ikahitajika operesheni nyingine. Moja, iliyotangazwa na madaktari wa Thailand mwaka 2007, hufunga mfereji katikati ya misuli bila kuikata. Ni njema, ingawa kwa wengine ugonjwa hurudi.

Basi, wewe uliyetoka Kabambare ukatibiwa Kasongo, ukirudi nyumbani na uzi mwilini, jirani atasema daktari hakumaliza kazi. Usimsikilize. Usiukate uzi wala kuuvuta. Huo ndio unaokulinda. Shika siku ya kurudi, hata kama safari ni ndefu.

Kila utokapo chooni, jioshe kwa maji safi ya vuguvugu. Kula sombe, maharagwe na papai, unywe maji mengi, choo kiwe laini. Ukipata homa au uvimbe, rudi upesi. Kama unakohoa siku nyingi au unakonda, mwambie daktari, kwa maana kifua kikuu nacho huweza kuleta fistula.

Kabla ya operesheni, uliza: “Mfereji wangu umepita katika msuli kiasi gani?” Usione haya. Jibu la swali hilo ndilo linalochagua kati ya kisu na uzi.